Kufunga Jigi za Uvuvi Nyumbani: Mwongozo wa Kuanzia kwa Vifaa Vinavyopatikana Dodoma

Jigi ni chambo bandia kinachojengwa juu ya ndoana moja yenye uzito karibu na tundu lake la kufungia mshipi, kwa kawaida uzito wa risasi, na nyuma ya uzito huo hufungwa mkia wa nywele, manyoya au nyuzi zinazochezacheza majini. Mvuvi akiuinua mshipi, jigi hupanda. Akiulegeza, hushuka, na mara nyingi samaki huidaka wakati huo wa kushuka. Kwa kuwa risasi hukaa upande wa chini na ncha ya ndoana hutazama juu, jigi iliyotengenezwa vizuri hupita juu ya matope, mawe na visiki bila kunasa kila mara, jambo lenye thamani kubwa kwa anayevua Mtera, ambako miti iliyozamishwa na bwawa ingali imesimama majini.

Mtu anayeishi Dodoma ana sababu nzuri ya kujifungia jigi mwenyewe. Maduka ya zana za uvuvi yaliyo mbali na pwani na mbali na Ziwa Victoria huuza zaidi nyavu, mishipi ya nailoni na ndoana za kawaida, ilhali chambo bandia hupatikana kwa kubahatisha au kwa kuagiza, na ukipoteza vitatu kwenye visiki asubuhi moja umepoteza fedha ya maana. Karibu kila kinachohitajika kwa mkia wa jigi, kwa upande mwingine, kipo kwa fundi cherehani, saluni, buchani na kwenye banda la kuku.

Wengi wanaoanza hudhani kwamba kiini cha kazi hii ni kuyeyusha risasi, kwa hiyo hukimbilia kutafuta sufuria na mkaa kabla hawajajua kufunga hata fundo moja. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Jigi huamuliwa na uzi: jinsi ulivyokazwa, mahali ulipopita na kiasi cha nywele ulichokishika. Mwongozo huu kwa sababu hiyo unaanza na jigi isiyohitaji moto hata kidogo, na suala la kuyeyusha risasi limewekwa baadaye, kwa atakayekuwa ameshaizoea kazi ya uzi.

Vifaa na mahali pa kuvipata

Ndoana ndiyo kitu pekee ambacho usikifanyie ubahili. Chagua ndoana imara yenye shina, yaani sehemu iliyonyooka, refu kidogo na ncha kali. Namba za ndoana huwachanganya wageni: kutoka namba 1 kwenda 2, 4, 6 na 8 ndoana huzidi kuwa ndogo, lakini kutoka 1/0 kwenda 2/0 na 3/0 huzidi kuwa kubwa. Kwa kambare, namba 1/0 au 2/0 inafaa. Kwa perege, ambaye mdomo wake ni mdogo, shuka hadi namba 6 au 8. Jifunze kwanza kwa 1/0, kwa sababu vidole vinaiona na kuishika kwa urahisi, na kila kosa huonekana.

Uzito wa jigi ya kwanza utatokana na risasi laini inayouzwa kwa ajili ya nyavu, ambayo hukatwa kwa mkasi mkuukuu. Si lazima uwe na mizani. Risasi ina uzito wa takriban gramu 11.3 kwa kila sentimita ya ujazo, hivyo kipande chenye upana wa milimita 5, unene wa milimita 2 na urefu wa milimita 30 kina gramu 3.4 hivi, na uzito huo unatosha kwa maji ya kina cha mita moja hadi tatu yasiyo na mkondo mkali. Risasi ni sumu, tena sumu inayowadhuru watoto zaidi ya watu wazima, kwa hiyo vaa glavu nyepesi unapoikata au osha mikono kwa sabuni mara unapomaliza, usile wala usivute sigara kazini, wala usikibane kipande kwa meno kama wafanyavyo wavuvi wengi. Vipande vilivyobaki vifungie kwenye kopo lisilofikiwa na watoto.

Uzi uwe wa cherehani, wa poliesta, mwembamba lakini usiokatika ukiuvuta kwa nguvu ya wastani. Uzi wa pamba huoza haraka majini. Fundi cherehani aliye barazani mara nyingi ana vibobini vyenye mabaki ya uzi wa rangi mbalimbali ambavyo hana kazi navyo, na ukimwomba kwa adabu, "Shikamoo fundi, naomba hayo mabaki kama huyahitaji," utapata uzi wa kujifunzia miezi kadhaa. Tafuta pia nta ya nyuki, ambayo katika mikoa ya Dodoma na Singida si bidhaa adimu, kwa kuwa asali huzalishwa kwa wingi. Uzi ukivutwa juu ya donge la nta mara mbili au tatu hushika shina la ndoana badala ya kuteleza, na zamu za kufunga hazifunguki hata mkono ukitetereka.

Kwa mkia, chaguo ni pana kuliko watu wanavyofikiri. Nywele za mkia wa mbuzi au wa ndama ni bora kuliko zote kwa mwanzo: ni ndefu, ni laini, na huendelea kutikisika hata jigi ikiwa imetulia. Mwombe mwenye bucha akukatie mkia ukiwa na ngozi yake, uuoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, uusuuze vizuri, upake chumvi upande wa ngozi, kisha uuanike kivulini hadi ukauke kabisa. Jua kali huzifanya nywele zivunjike. Mwenye mgwisho wa zamani ulioachwa na babu ana hazina, ingawa huenda nyumbani wasikubali aunyofoe.

Rasta za kusukia nywele ni chaguo la pili, na kwa rangi hazina mpinzani: nyeusi, kahawia, zambarau, nyekundu, zote saluni. Hazinyonyi maji, hivyo jigi huzama upesi na hukauka upesi. Kasoro yake ni kwamba katika ukavu wa hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi nyuzi za rasta hushikana na kung'ang'ania mikono. Lowesha vidole kidogo na zitatulia. Manyoya ya kuku wa kienyeji hutumika kwa kola, yaani ile shada fupi inayozunguka shina nyuma ya kichwa. Ya shingo ya jogoo ni magumu na hukaa wima. Yale mepesi ya mapajani hulala na kupumua majini. Manyoya ya kanga, yenye madoa meupe juu ya weusi, huvutia sana, lakini yawe ya kanga wanaofugwa, maana ndege wa porini wana sheria zao.

Mwisho, nunua rangi ya kucha chupa mbili, moja isiyo na rangi na nyingine nyeusi au nyekundu, pamoja na chupa ndogo ya supa glu. Rangi ya kucha ndiyo itakayofunika uzi na risasi.

Meza na zana

Ndoana inatakiwa ishikwe na kitu kisichotikisika ili mikono yote miwili ibaki huru. Jiliwa ndogo ya mezani inatosha. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia koleo linalojifunga lenyewe, akaukaza mpini wake kwenye ukingo wa meza kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli.

Zana ya pili ni kishikio cha uzi. Pitisha uzi ndani ya mrija wa wino wa kalamu uliokwisha na kuoshwa kwa spiriti, kisha funga kibobini nyuma ya mrija huo kwa waya laini uliopindwa ili kiwe kinazunguka kwa kusuasua kidogo. Ukiuachia, uzito wa kishikio unabaki ukining'inia na kuukaza uzi, nawe unakuwa na nafasi ya kuandaa nywele. Ikiwa kazi hiyo inakushinda kwa sasa, bana uzi kwa kibanio cha nguo kila unapohitaji kuuacha. Ongeza mkasi mdogo wenye ncha kali, ambao usiukatie risasi kamwe, sindano moja ya kushonea, na kitana cha zamani.

Fanyia kazi ndani ya nyumba, karibu na dirisha lililofungwa. Upepo wa Dodoma kati ya Juni na Septemba hausamehe. Utatumia saa nzima ukifukuzana na manyoya uani.

Kufunga jigi ya kwanza

Bana ndoana kwenye jiliwa kwa sehemu ya pindo, yaani pale inapopinda, shina likae sambamba na meza na ncha itazame chini. Ponda kidogo kwa koleo kile kijimwiba kilicho ndani ya ncha ikiwa unajifunza pamoja na watoto, kwa sababu ndoana iliyoingia kidoleni bila kijimwiba hutoka kwa urahisi.

Anza uzi milimita 3 nyuma ya tundu. Shika mwisho wa uzi kwa mkono wa kushoto, uulaze juu ya shina, kisha uzungushe upande wa kishikio ukirudi nyuma juu ya uzi huo huo, zamu sita hadi nane zilizobanana. Uzi sasa umejikaba wenyewe; kata mkia wa ziada. Endelea kuzungusha hadi ufike juu ya ncha ya ndoana, kisha rudi mbele tena. Msingi huu wa uzi unaonekana kama kazi isiyo na maana, na ndiyo sababu wengi huuruka. Lakini uzi ukifungwa juu ya chuma kitupu huteleza, na baada ya samaki wa pili mkia wote huzunguka shina kama gurudumu.

Chukua kipande cha risasi, ukikunje katikati kiwe na urefu wa milimita 15, ukilaze juu ya shina kikianzia pale ulipoanzia uzi. Kwa kuwa ncha inatazama chini, juu ya shina ndio upande ulio mbali na ncha, na hapo ndipo risasi inapotakiwa kuwa: ndani ya maji uzito utashuka chini na ndoana itapinduka, ncha itazame juu. Ukiiweka risasi upande wa ncha, utapata chambo kinachokwangua kila kisiki kilichomo bwawani. Funga kwa zamu kumi za mshazari kutoka mbele kwenda nyuma, kisha zamu kumi nyingine za mshazari kutoka nyuma kwenda mbele, ili uzi uchore umbo la msalaba juu ya risasi. Jaribu kuisukuma kwa ukucha. Ikisogea, kaza zaidi. Ikitulia, dondosha tone moja tu la supa glu kwenye uzi na usubiri dakika chache. Hakikisha ile nafasi ya milimita 3 nyuma ya tundu imebaki wazi, kwa sababu ndiko utakakomalizia.

Sasa peleka uzi nyuma ya risasi. Kata fungu la nywele za mbuzi karibu kabisa na ngozi. Fungu likibanwa kati ya vidole liwe na unene wa njiti ya kiberiti, si zaidi. Hapa ndipo uroho unapoharibu jigi nyingi: mkono wa mwanafunzi hushika nywele za kutosha jigi tatu, na matokeo yake ni brashi inayoelea badala ya kuzama. Likamate fungu kwa ncha zake, upitishe kitana upande wa mzizi ili sufi fupi zitoke, kisha uliingize ndani ya kifuniko cha kalamu ncha zikiwa chini, ukigongegonge mezani. Utakapolitoa, ncha zote zitakuwa zimelingana.

Pima urefu. Mkia upite pindo la ndoana kwa kiasi kisichozidi urefu wa shina lenyewe, vinginevyo samaki atauma nywele tu na kuondoka. Kata mizizi kwa mshazari ili isilete kinundu, ulaze fungu juu ya shina mara nyuma ya risasi, ulibane pamoja na shina kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto. Pitisha zamu mbili zilizolegea kati ya vidole hivyo, usizikaze bado. Kisha vuta kishikio wima kwenda chini huku vidole vikiendelea kubana. Zamu mbili zitashuka na kulikaba fungu mahali ulipolitaka bila kulizungusha. Ukivuta kabla ya zamu kukamilika, au ukivuta kwa pembeni, nywele zitakimbilia upande wa pili wa shina, na hapo hakuna dawa ila kufungua na kuanza upya. Likishashikwa, ongeza zamu kumi zilizobanana na kila moja uikaze kuliko iliyotangulia.

Kola ni kazi ya dakika mbili. Chagua nyoya moja la shingo lenye vinyweleo visivyozidi upana wa kati ya ncha na shina la ndoana, ng'oa zile sufi laini za chini, ulifunge kwa ncha yake mara nyuma ya risasi, kisha ulizungushe shinani mara tatu au nne ukivilaza vinyweleo nyuma kwa vidole kila zamu. Funga mwisho wake kwa zamu nne za uzi na ukate kilichobaki. Jigi isiyo na kola pia huvua. Kola huifanya ionekane imeshiba.

Pitisha uzi chini ya risasi hadi ile nafasi ya mbele. Ili kufunga mwisho, chukua ganda la kalamu lenye tundu dogo kwenye ncha, uzungushe uzi mara mbili juu ya ncha hiyo ili ufanye kitanzi, uielekeze ncha ya kalamu kwenye tundu la ndoana, na utelezeshe kitanzi kutoka kwenye kalamu kwenda juu ya uzi uliopo. Kaza. Rudia mara tatu au nne, halafu kata. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya vifundo, na rangi uliyochagua juu ya risasi yote, mipako miwili, ukiacha wa kwanza ukauke. Kabla haijagandamana, pitisha sindano kwenye tundu la ndoana. Kusahau hatua hii ndogo ni kujitafutia kero alfajiri ukingoni mwa maji, mshipi mkononi na tundu limezibwa na rangi kavu.

Funga jigi za aina hiyo hiyo, ndoana ile ile na rangi ile ile, hadi zifanane zikipangwa mezani. Ndipo ubadilishe kitu kimoja: labda rasta badala ya nywele, au namba ndogo ya ndoana. Anayebadilisha kila kitu kila mara hawezi kujua kilichomponza wala kilichomfaa.

Uzi ukikatika mara kwa mara, usiulaumu uzi kwanza. Tazama kama unagusa ncha ya ndoana unapozungusha, au kama mdomo wa mrija wa kalamu una ukingo mkali. Ukingo huo hulainishwa kwa kupitishwa haraka karibu na mwali wa kiberiti.

Kuijaribu kabla ya safari

Jaza maji kwenye ndoo nyeupe, au kata shingo ya chupa kubwa ya maji ili uone kwa pembeni. Funga jigi kwenye mshipi wenye urefu wa sentimita 30 na uishushe polepole. Ndoana inapaswa kupinduka yenyewe, ncha juu, na jigi ishuke karibu sambamba, kichwa kikitangulia kidogo. Ikishuka kwa kulala ubavu, risasi imekaa upande. Isukume kwa koleo iwe katikati ya mgongo wa shina. Ikining'inia kichwa chini mno, punguza urefu wa risasi upande wa mbele utakapofunga nyingine. Fundo la mshipi nalo lina sehemu yake: fundo lenye kitanzi kidogo huiacha jigi iyumbe kwa uhuru, na lile lililokazwa kwenye tundu huifanya iwe nzito wa mwendo.

Ukitaka kuyeyusha risasi

Baada ya kuizoea kazi ya uzi huenda ukataka vichwa vya mviringo vilivyomiminwa kwenye kalibu, juu ya ndoana zilizopindwa shingo maalumu kwa jigi. Kalibu za alumini za kuagiza ni salama kuliko za plasta za kujitengenezea, ambazo zikibaki na unyevu kidogo tu zinaweza kurusha risasi ya moto usoni. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu, na urahisi huo ndio unaowadanganya watu.

Fanya kazi hiyo nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, mbali na jiko la chakula, mifugo na watoto. Sufuria utakayotumia isirudi jikoni tena. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu za ngozi, shati la mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Tone moja la maji likiingia ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha huku na huko, kwa hiyo usiifanye kazi hii siku yenye dalili ya mvua, na vipande unavyoongeza sufuriani viwe vikavu kabisa.

Vipande vinavyotolewa kwenye rimu baada ya kubalansi matairi hutumika sana, lakini siku hizi vingine ni vya zinki au chuma. Kipande cha risasi hubonyea ukikibana kwa koleo na huacha alama kijivu kwenye karatasi. Cha zinki hubaki kigumu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419, na ikichanganyika na risasi huifanya isijaze kalibu vizuri. Betri za gari usizifungue hata kama fundi jirani anakupa bure: zina asidi, na unga uliomo ndani yake hutoa vumbi lenye sumu linalotua kwenye nguo, udongo na vyombo.

Kuitumia Hombolo na Mtera

Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kaskazini-mashariki mwa jiji, hupokea maji yenye udongo mwingi wakati wa mvua, ambazo katika eneo letu hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Katika maji ya rangi ya udongo samaki huona umbo kabla ya kuona rangi, hivyo jigi nyeusi au zambarau iliyokoza huonekana vizuri zaidi kuliko nyeupe. Maji yakitulia na kupungua tope katika miezi ya kiangazi, rangi za kahawia na kijivu hufanya kazi nzuri zaidi.

Mtera, kilomita zipatazo 120 kusini mwa Dodoma katika barabara ya Iringa, ni bwawa la kuzalisha umeme, na kina chake hubadilika kwa kadiri maji ya Ruaha Mkuu na Kizigo yanavyoingia na yanavyofunguliwa. Kisiki ulichovua kando yake mwezi uliopita kinaweza kuwa nchi kavu mwezi huu. Mwenye ufito mrefu wa mwanzi asijione mnyonge mbele ya mwenye fimbo ya mashine: jigi inayoshushwa wima kando ya kisiki, ikapandishwa kiasi cha shubiri mbili na kuachiwa ishuke huku mshipi ukiwa umekazwa kidogo, inafika mahali ambapo ya kurushwa kwa mbali isingefika bila kunasa. Mtera pia kuna mamba na viboko. Usisimame ndani ya maji, usivue ukingoni penye nyasi ndefu, na uliza wenyeji kabla ya kuchagua mahali.

Kambare huwinda zaidi gizani, akitegemea harufu na sharubu kuliko macho, kwa hiyo jigi tupu kwake ni nusu ya kazi. Mchomeke nyungunyungu au kipande kidogo cha ini la kuku kwenye ndoana, uivute taratibu ikiburura sakafuni, na uipumzishe mara kwa mara. Perege ni suala jingine. Chakula chake kikubwa ni mwani na mabaki ya mimea, naye haifukuzi jigi kwa njaa. Lakini anayelinda kiota hushambulia kitu kidogo kinachoingia eneo lake, na hapo ndoana namba 8 yenye uzito wa gramu moja tu na mkia mfupi wa manyoya ya mapajani hupata nafasi. Wakati huo huo, kumtoa kiotani ni kuvuruga kuzaliana kwake, nami ningependekeza arudishwe majini.

Uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, na leseni ni sehemu ya utaratibu huo. Afisa uvuvi wa halmashauri husika ndiye wa kumwona kabla ya safari, akueleze ada, maeneo yaliyofungwa na zana zinazoruhusiwa.

Ukirudi nyumbani, suuza jigi kwa maji safi, uzikamue mkia kwa kitambaa na uzianike zikining'inia kwa ndoana zao usiku mzima kabla ya kuzirudisha kopo. Nywele za mbuzi zikifungiwa na unyevu hunuka, na ndoana huanza kutu kwenye pindo, mahali usipopaona upesi. Jigi iliyotafunwa hadi mkia ukaisha haitupwi: kata uzi kwa wembe upande wa juu wa shina, ukielekeza makali mbali na kidole, vua kila kitu hadi ubaki na ndoana na risasi, noa ncha kwa jiwe au tupa ndogo, kisha uirudishe kwenye jiliwa. Ikiwa ncha haishiki tena kwenye ukucha hata baada ya kunolewa, iweke kando ndoana hiyo, utoe risasi yake uitumie kwa nyingine.